Kosa lilikuwa kitabuni: Sajenti Kokulinda na hatua ya kumi na nne

Saa moja na robo asubuhi jua linachungulia juu ya mawe ya Ilemela, na tayari Sajenti Kokulinda Bagenda ana grisi mpaka kwenye nyusi.

Mbele yake ndege ya uchukuzi ya jeshi, yenye injini mbili, imeinuliwa kwa jeki tatu. Magurudumu yananing'inia. Upepo wa ziwani unaingia karakana kwa mlango mkubwa na kufunua kurasa za kitabu alichoshika, naye anazibana kwa kidole gumba.

"Hatua ya kumi na nne," anasoma kwa sauti. "Mkia wa bolti uelekee ubavuni mwa ndege."

"Umeelekea ubavuni, afande," anajibu fundi aliyeingiza kichwa kwenye chumba cha gurudumu la kushoto.

"Hatua ya kumi na tano. Kunja magurudumu kwa presha kamili, mara tatu, kisha kagua paipu. Haya, wote nyuma ya mstari!"

Mafundi sita wanarudi nyuma ya mstari wa njano uliochorwa sakafuni. Pampu inanguruma. Miguu ya ndege inajikunja, inapotelea tumboni, milango inajifunga kwa kishindo. Inashuka. Inapanda tena. Baada ya mara ya tatu, pini za usalama zikishachomekwa, Kokulinda anaingia na tochi. Wenzake wanasubiri. Kisha sauti yake inatoka ndani kama ya mtu aliyefunga bao.

"Safi! Haijagusa hata kidogo!"

Pembeni mwa ukurasa aliokuwa akiusoma kuna mstari mweusi uliosimama wima. Kwa mafundi wa ndege, mstari huo maana yake maneno yaliyo mkabala nao yamebadilishwa. Haya yamebadilishwa kwa sababu yake.

"Kila nikiuona natamani kupiga vigelegele," anasema huku akijifuta mikono. "Ila nipo kazini, nimevaa gwanda. Basi navipiga moyoni."

Jeshi lilimruhusu mwandishi aingie kwa masharti: jina la kikosi, aina ya ndege na namba zake visiandikwe. Yaliyobaki ni ya Kokulinda mwenyewe kusimulia. Naye akianza kusimulia, hakai kwenye kiti.

Taa ya tatu ilikataa

Ilikuwa Februari mwaka jana, mchana wenye jua kali. Ndege ilikuwa ikirudi kutoka Bukoba ikiwa na watu kumi na mmoja. Rubani alikuwa Kapteni Ngosha, mwenye zaidi ya saa elfu tatu angani.

"Nilipoteremsha magurudumu, taa mbili ziliwaka kijani," anakumbuka Kapteni Ngosha. "Ya kushoto ikabaki nyekundu. Nikatazama presha ya haidroliki, yale mafuta yanayosukuma magurudumu, naona mshale unashuka tu, unashuka tu."

Walizunguka juu ya ziwa dakika ishirini na mbili. Rubani msaidizi alishika pampu ya mkono, akapampu hadi shati likalowa. Nyuma, abiria mmoja alianza kusali rozari kwa sauti na wengine wakaitikia. Taa ya tatu iliwaka kijani walipokuwa wamebakiwa na mafuta ya mzunguko mmoja.

"Nilitua polepole kuliko nilivyowahi kutua maishani mwangu," anasema. "Nilipozima injini, nilishuka kwanza kutazama gurudumu."

Chini ya bawa la kushoto mafuta mekundu yalikuwa yakichuruzika. Paipu ya haidroliki, nene kama kidole cha kati, ilikuwa imetoboka. Wiki tano kabla ya hapo ilikuwa imefungwa mpya, na kwenye fomu ya kazi kulikuwa na sahihi moja: Koplo Malimi Chenge.

Malimi ana miaka kumi na moja kazini. Ni mtu wa maneno machache, mzaliwa wa Misungwi. Siku ileile aliondolewa kwenye kazi za ndege na kupelekwa stoo ya vifaa akisubiri uchunguzi.

"Nilikuwa nagawa spana," anasema Malimi. "Asubuhi natoa, jioni nahesabu zimerudi. Mke wangu akaniuliza, baba, mbona siku hizi ovaroli inarudi safi?"

Je, aliamini kuwa alikosea?

"Sahihi ni yangu. Paipu imetoboka. Unajitetea vipi? Nilifika mahali nikaanza kuamini kweli mkono wangu ulikosea."

Mkono wa nani?

Kokulinda hakuamini. Alizaliwa Igogo, kwa wazazi waliohamia kutoka Muleba. Baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, alifariki Kokulinda akiwa kidato cha pili. Mama yake, Bernadetta, akabaki na watoto wanne, chumba kimoja cha kupanga na cherehani moja. Binti alikuwa akivunja redio za majirani ili aone ndani kuna nini, na nyingine, anakiri, hazikurudi kuwa redio. Alimaliza kidato cha sita, akaenda kujenga taifa, akachaguliwa jeshini, akasomea ufundi wa ndege kwa miaka miwili. Sasa ana umri wa miaka thelathini na nne.

Alimfahamu Malimi kuwa mtu anayesoma hatua moja mara mbili kabla ya kugusa nati. Akaiomba ile paipu iliyotoboka aitazame.

"Nikaipeleka dirishani," anasimulia, akiinua mikono kana kwamba bado ameishika. "Tundu halikukatwa na chombo. Pembeni yake palikuwa pameng'aa, pamelainika. Kitu kilikuwa kikiisugua. Kidogo kidogo, kila siku."

Alitoka pale moja kwa moja hadi kwenye ndege ya pili ya aina hiyo, ambayo paipu yake ilibadilishwa Oktoba. Akamulika tochi. Mahali palepale palikuwa na alama ya kung'aa, nyembamba kama ukucha wa mtoto.

"Nikaangalia fomu," anasema. "Paipu hiyo niliifunga mimi."

Hapo palikuwa na njia mbili. Angeweza kubadilisha paipu na kunyamaza. Ndege ingeruka na jina lake lingebaki safi. Au angeandika, na sahihi yake ingekaa karibu na ya Malimi. Aliijaza fomu ya taarifa ya kasoro kabla ya chakula cha mchana.

"Sikuwa shujaa," anasema. "Ila niliifunga nikiwa na kitabu magotini, mstari kwa mstari. Kama mimi na Malimi tumefuata kitabu na tumepata alama ileile, basi tuulizane na kitabu."

Mkuu wa karakana, Afisa Mteule Antoni Maige, aliisoma fomu hiyo akiwa amesimama. Siku hiyohiyo akaamuru paipu za kushoto za ndege zote za aina hiyo zibadilishwe na zimulikwe kila baada ya safari. Akaipeleka fomu ngazi ya juu.

Jibu lilirudi baada ya wiki sita, mistari miwili tu: kasoro imetokana na ufungaji, mafundi wakumbushwe kuzingatia kitabu.

"Nilitaka kuichana," anasema Kokulinda.

Maige, ambaye anastaafu mwakani na hacheki ovyo, alimwita ofisini. Kokulinda anaigiza sauti yake nzito mpaka mafundi wanaopita wanacheka.

"Bagenda, umeandika nini humu?"

"Nimeandika paipu inasuguliwa, afande."

"Na nini?"

"Nadhani ni mkia wa bolti iliyo jirani yake, afande."

"Unadhani! Fomu hii inasema kitu kimeharibika. Wao wanajua kimeharibika. Unataka kitabu kibadilike? Iko fomu nyingine. Sema ukurasa gani, hatua gani, neno gani litoke, neno gani liingie. Halafu uwaonyeshe. Usiniletee nadhani."

Koti la bwana harusi

Tatizo ni kwamba hapakuwa na cha kuonyesha. Ndege ikiwa imesimama chini, kati ya paipu na mkia wa bolti palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole gumba. Kokulinda alipima mara nyingi. Hazikugusana. Kila mkaguzi aliyekuja aliiona nafasi hiyo na kuweka tiki.

Jumapili moja baada ya misa alipita Igogo kwenye kibanda cha mama yake. Bernadetta, sasa ana miaka sitini na sita, alikuwa akimjaribisha mteja koti la harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Koku. Kaa hapo, usikanyage kitambaa."

Mteja alisimama wima mbele ya kioo. Koti lilimkaa sawasawa, naye akawa ameshatoa simu apigwe picha.

"Ngoja kwanza," Bernadetta akamwambia. "Inua mikono, kama unacheza."

Mteja akainua. Kwapani pakalia kwa sauti ndogo ya uzi unaokatika.

"Niliruka kutoka kwenye kiti," anasema Kokulinda, na kweli anaruka tena mbele ya mwandishi. "Mama akadhani nimekalia sindano! Nilikuwa nawaza, sisi tunaikagua ndege ikiwa imeshusha mikono. Hakuna aliyewahi kuiambia inua mikono!"

Kitabu hakikumtaka fundi akunje magurudumu baada ya kubadili paipu hiyo. Kilimtaka akague ndege ikiwa chini, basi. Na hakuna fundi anayeweza kuchungulia ndani magurudumu yakiwa yamekunjwa, kwa sababu milango imefungwa.

"Mama, nipe chaki."

"Ya nini?"

"Ya kuchorea ndege."

Bernadetta, aliyezungumza na mwandishi baadaye akiwa na sindano mdomoni, anathibitisha. "Nilidhani ana homa. Nikampa ya bluu, nikamwambia airudishe. Mpaka leo sijaiona."

Kesho yake Maige alitia saini jaribio. Ndege ikapandishwa kwenye jeki. Kokulinda akapaka chaki ya bluu kwenye mkia wa bolti, akaifuta paipu ikabaki nyeusi tii. Habari zilikuwa zimeenea, na mafundi waliacha kazi zao wakasogea. Malimi, aliyekatazwa kuigusa ndege, alisimama mlangoni mwa stoo akiwa na spana mkononi.

Magurudumu yakapanda, yakashuka, pini zikachomekwa. Kokulinda akaingia.

"Kwenye paipu kulikuwa na mstari wa bluu," anasema, na sauti inapungua. "Palepale. Sikupiga kelele. Nilitoka nikamtazama Malimi kule mlangoni, nikampungia njoo. Yeye akatikisa kichwa, ana amri. Afisa Mteule ndiye aliyepaza sauti, Chenge, njoo uone!"

Malimi alitembea taratibu. Aliitazama paipu, akaigusa kwa kidole, akawaonyesha wenzake kile kidole chenye bluu.

"Ndipo karakana ikalipuka," anasema Kokulinda. "Watu walipiga makopo!"

Walirudia mara sita siku hiyo. Mara zote sita, bluu. Kisha wakaigeuza bolti, mkia ukatazama ubavuni na kichwa bapa kikatazama paipu. Mara sita, hakuna kitu. Walipomaliza wakairudisha kama kitabu kilivyosema, kwa sababu fundi hana ruhusa ya kubadili ndege kwa akili yake mwenyewe, hata akiwa sahihi. Paipu ya jaribio ikafungwa kwenye mfuko na kupewa namba.

Je, ombi la kubadili kitabu aliliandika usiku wa wiki nzima? Hapana, anasema, aliliandika mchana, kwenye meza ya chai, picha nane na vipimo vyote. Ukurasa, mchoro, hatua ya kumi na nne. Aligundua hata chanzo: mchoro ulikuwa wa toleo la zamani la ndege hiyo, ambalo paipu yake ilipita upande mwingine. Watengenezaji walihamisha paipu, wakasahau kuhamisha mchoro.

Siku ya ugeni

Safari hii jibu lilikuja baada ya siku nane, likiwa na miguu. Meja mmoja mhandisi alishuka kutoka Dar es Salaam akiongozana na maofisa watano. Alitaka kuona kwa macho yake.

Kokulinda alipiga pasi ovaroli. Akapaka chaki. Magurudumu yakapanda, yakashuka.

Paipu ilikuwa nyeusi tii.

"Nilimulika mara tatu," anasema. "Nikasikia ofisa mmoja nyuma yangu anakohoa kile kikohozi cha mtu anayetafuta funguo za gari. Nikarudia. Hakuna. Nikaona tumekwisha, mimi na Malimi pamoja."

Meja alifunga daftari lake. "Sajenti, nadhani tumeona."

"Afande, naomba dakika moja," Kokulinda akasema. Hajui alipata wapi sauti hiyo. Alijiuliza kitu kimoja: leo kuna nini ambacho siku ile hakikuwepo? Ndege ni ileile. Bolti ni ileile. Akaigeukia pampu.

"Presha iko ngapi?" akauliza.

Fundi aliyekuwa kwenye pampu alikuwa ameipunguza hadi theluthi mbili. Kwa nia njema kabisa: kuna wageni, hakutaka ndege ifanye kishindo.

"Ipandishe yote."

Pampu ikanguruma kama ilivyonguruma siku ya kwanza, na safari hii miguu ikajikunja hadi mwisho. Milango ikabamizwa, ofisa mmoja akaruka. Magurudumu yaliposhuka Kokulinda hakuingia. Alimpa Meja tochi.

Meja aliinama, akakaa ndani kwa muda ambao Kokulinda anasema ulitosha kuchemsha maharage. Alipotoka, mkono wa shati lake jeupe ulikuwa na mstari wa bluu.

"Andika na hilo la presha," alisema. "Liwe hatua ya kumi na tano."

Siku tatu baadaye amri ya muda ilitoka: bolti zote za aina hiyo zigeuzwe. Watengenezaji, walio ng'ambo, walituma ukurasa mpya baada ya miezi saba, wenye ule mstari mweusi pembeni. Malimi hakusubiri miezi saba. Barua yake ilisomwa gwarideni wiki ileile: hana kosa, arudi kwenye ndege.

"Nilirudi nyumbani na ovaroli chafu kabisa," anasema Malimi. "Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini."

Fomu kumi na tisa

Tangu hapo Kokulinda ameandika maombi mengine manne. Moja lilikataliwa, na jibu lake amelibandika ukutani juu ya meza yake. Alitaka grisi ya bawaba za milango ibadilishwe kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Mtaalamu akamweleza kuwa grisi aliyoipendekeza ingeganda ndege ikiwa juu.

"Nilikuwa nimesimama Mwanza kwenye joto, nikasahau kwamba ndege inapanda kwenye baridi," anasema akicheka. "Nililibandika ili linifundishe adabu."

Kinachomfurahisha zaidi ni wenzake. Kwa miaka mitano kabla ya tukio lile, karakana ilituma maombi mawili tu ya kubadili utaratibu. Mwaka uliopita ilituma kumi na tisa, na saba yamekubaliwa.

"Mafundi walikuwa wanaona kasoro zamani," anasema. "Ila fomu ni ya Kiingereza. Mtu anaijua ndege kama kiganja chake, akiiona fomu anatoka jasho. Anaamua kunyamaza."

Ndiyo maana ameandaa mwongozo wa kurasa kumi na mbili kwa Kiswahili, unaoeleza kila kisanduku cha fomu kinauliza nini na ushahidi wa kutosha ni upi. Uongozi umeupitisha. Jumatatu ijayo ataanza darasa la mafundi kumi na wanane, na ana matumaini kuwa mwakani vikosi vingine vitautumia. Mwenyewe ameomba kwenda kusomea shahada ya uhandisi wa ndege. "Nataka siku moja niwe mimi ninayejibu fomu," anasema. "Na sitajibu kwa mistari miwili."

Chai inaletwa. Kabla hajainua kikombe, Koplo Malimi anaingia, anasimama mguu sawa, anaweka karatasi mezani. Ni ombi lake la kwanza katika miaka kumi na moja, limeandikwa kwa herufi kubwa.

Kokulinda analisoma kwa sauti ya chini. Kitabu kinamtaka fundi akague kebo za mkia, kisha asafishe. Malimi anaomba hatua zibadilishane nafasi: fundi asafishe kwanza, ndipo akague, kwa sababu majira ya wadudu wa ziwani uchafu wao huganda kwenye kebo na kufunika nyuzi zilizokatika. Ukurasa upo. Hatua zipo, ya nane na ya tisa.

"Ushahidi uko wapi?" anauliza.

"Uko kwenye mkia, afande," anasema Malimi. "Nimeuacha kama ulivyo. Nyuzi tatu. Nimeshamwambia Afisa Mteule, ndege haitoki leo."

Kokulinda ameshasimama. Amechukua tochi, amemsahau mwandishi, ameisahau chai.

"Twende ukanionyeshe," anasema, na wote wawili wanatoka karibu wakikimbia.